Mwanza inavyosomeka kwenye ekzosi ya kirikuu

Wiki hii safu yetu ya matembezi imetua Mwanza, jiji la mawe, sangara na upepo wa ziwa. Kwa wale wanaoijua Mwanza kwa kalenda ya ukutani tu, picha ni ile ile miaka yote: Jiwe la Bismarck limejisimamia majini, jua linazama nyuma yake, basi. Pazuri, hatukatai. Lakini leo hatuendi kupiga picha. Leo tunalitazama jiji kwa nyuma, pale kwenye mkia wa kirikuu, bomba la moshi linapochungulia chini ya bodi.

Usicheke kwanza. Mtoto wa mjini akitaka kumjua mtu humwangalia viatu. Ukitaka kulijua gari, liangalie ekzosi. Rangi unaweza kupiga upya, taa unaweza kubadilisha, redio unaweza kufunga ya maana mpaka abiria wacheze. Mdomo wa ekzosi ndio unaosema kweli, na ndio sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaiinamii.

Na kirikuu ndiyo gari yenyewe ya mji huu. Nazungumzia Suzuki Carry na ndugu zake, vile vigari vidogo vya kubebea mizigo vilivyotoka Japani vikiwa vimetumika, injini ya petroli ya cc 660 iliyofichwa chini ya viti. Inabeba dagaa, inabeba kreti za soda, inabeba magodoro ya bwana harusi, na siku za misiba inabeba viti na maturubai. Kijana akidunduliza akapata mtaji, ndoto ya kwanza ni kirikuu. Ndiyo maana habari hii si ya mafundi peke yao. Ni ya kila mtu mwenye noti kidogo mfukoni na wazo la biashara kichwani.

Sasa tembea ukihesabu. Katika makirikuu kumi utakayoyapita, kuna kadhaa yenye ekzosi nyeusi tititi kama sufuria ya mama ntilie. Muulize dereva, atakujibu bila wasiwasi: "Ah, hizi gari ndivyo zilivyo." Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana.

MWALONI, ALFAJIRI

Tuanzie Mwaloni, Kirumba. Kama hujafika, huu ndio mnada mkubwa wa samaki wakavu na dagaa wa Kanda ya Ziwa. Mzigo wa hapa hauishii Shinyanga wala Tabora, unavuka mipaka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Jua halijachomoza vizuri, wachukuzi wameshaanza kupiga kelele za "Njia! Njia!", boti zinatia nanga, na makirikuu yamejipanga yakiwa yametazama barabarani, tayari kwa safari.

Pale majini utaona moshi wa bluu ukitambaa juu ya maji. Huo usikutishe. Injini nyingi za mitumbwi za kizamani hazina mahali pa kuweka oili peke yake, kwa hiyo mvuvi huchanganya oili ndani ya petroli, kwa kawaida sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli. Oili inaungua humo humo, moshi unatoka wa bluu. Ndivyo zilivyoundwa. Kirikuu haikuundwa hivyo. Ikitoa moshi wa bluu ina ugonjwa, na ikitoa mweusi ina ugonjwa mwingine. Watu wengi huzichanganya hizi rangi, kisha wanauziwa dawa ya jino kwa maumivu ya goti.

Asubuhi hiyo hiyo utaona jambo lingine. Kirikuu inawashwa ikiwa ya baridi, ekzosi inatema maji. Maji kweli kweli, matone yanadondoka. Wapo wanaoruka wakidhani injini imepasuka. Tulia. Petroli ikiungua vizuri inazaa maji: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ila bomba likishapata moto hutoka kama mvuke usioonekana. Bomba likiwa bado baridi, mvuke unageuka matone. Tatizo ni pale matone yanapotoka na madoa meusi na kuchafua ukuta wa jirani kama vile umetemewa wino. Maji yenyewe ni salama. Wino ndio wenye habari.

CHEMLI YA BIBI

Huo wino ni masizi, na masizi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Kwa wale tuliolelewa na bibi, somo hili tulilipata zamani kabla ya kuona injini. Chemli ikiwashwa na utambi ukapandishwa mno, mwali unakuwa mrefu, unacheza cheza, na kioo kinaingia weusi upande mmoja. Bibi anakuita: "Mjukuu wangu, shusha utambi, unanimalizia mafuta!" Ukishusha kidogo, mwali unatulia, kioo kinabaki safi, na nuru inaongezeka. Mafuta mengi si nuru nyingi. Mafuta yanayolingana na hewa ndiyo nuru.

Injini ya petroli ni chemli yenye haraka. Ili petroli iungue sawasawa inahitaji uzito wa hewa karibu mara 14.7 ya uzito wake. Kilo moja ya petroli, kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua au petroli ikizidi, mafundi husema mchanganyiko umekuwa mzito. Petroli iliyokosa hewa haiungui yote, inatoka nyuma ikiwa masizi, harufu kali na hela yako.

Tuifanye hesabu ya kijiweni. Tuseme kirikuu nzima inakwenda kilomita 12 kwa lita, na yako yenye mkia mweusi inakwenda 9. Kwa siku unazunguka kilomita 60. Yenye afya inakunywa lita 5, yako inakunywa lita 6 na robo tatu hivi. Unaona kama lita moja na ushee tu, kitu gani? Piga kwa siku 26 za kazi: lita zaidi ya 40 kila mwezi zimekwenda kupaka bomba rangi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pampu ya mtaani kwako, mimi sitaki kukuharibia siku.

ZIWA LIKO JUU, BWANA

Twende sasa mjini kati, Barabara ya Makongoro, mpaka pale ziwa linapojitokeza tena na Jiwe la Bismarck likaonekana. Ukisimama hapo na upepo ukakupiga usoni, unaweza kujidanganya uko pwani. Hauko pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar akishuka kwenye basi hapa, amepanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu bila kujua, maana barabara ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga inapanda taratibu.

Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kwa urefu wa Mwanza imepungua karibu asilimia 10 ukilinganisha na usawa wa bahari. Wewe huwezi kusikia tofauti labda ukimbie mpira. Kabureta inasikia.

Kabureta ni chombo cha kizamani, haina akili ya kujua iko Kigamboni au Kirumba. Ikiwa ilirekebishwa kwa hewa nzito ya karibu na bahari, huku juu inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe, hata kama hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana kirikuu ya kabureta iliyotoka bandarini Dar juzi, ikafika Mwanza na kuanza kuchafuka nyuma, haijalogwa. Inataka fundi anayejua kuipunguzia petroli kidogo.

Zile za kisasa zaidi, zenye nozeli na kompyuta, zina sensa ya kupima hewa na zinajirekebisha zenyewe. Kwa hiyo mwenye kirikuu ya nozeli asije akasingizia mlima. Ya kwake ikiwa nyeusi, kuna kitu.

MLIMA, MZIGO NA MGUU

Toka hapo geuza macho uangalie Bugando, ile hospitali kubwa iliyokaa kileleni kama inalinda jiji. Mwanza ni milima mitupu. Isamilo mlima, Mabatini mlima, nyumba zimepanda mawe mpaka unajiuliza makochi yalifikaje. Yalifikaje? Kwa kirikuu.

Na hapa tuambiane ukweli. Kwa sheria za Japani kigari cha aina hii hubeba mzigo usiozidi kilo 350. Hicho ndicho kipimo alichokuwa nacho mhandisi kichwani alipokichora. Sisi tunapakia tofali, tunapakia mchanga, utingo anakaa juu, na mwenye mzigo na shemeji yake wanabanana mbele na dereva. Halafu tunaielekeza mlimani.

Dereva afanyeje? Anakanyaga mafuta mpaka chini. Mguu ukifika chini, injini inaongezewa petroli kwa makusudi ili ipate nguvu, hata kama hewa haitoshi. Ndivyo zinavyofanya kabureta na kompyuta vilevile. Mara moja moja si neno. Lakini gari inayopanda mlima na mzigo mara tatu ya kipimo chake, siku sita kwa wiki, inaishi kwenye hali hiyo ya dharura. Bomba linakuwa jeusi, plagi zinakuwa nyeusi, na injini inazeeka kabla ya siku zake.

Kinyume chake nacho kina ubaya. Kuna kirikuu ambayo kazi yake ni kutoka Mwaloni hadi soko la mjini na kurudi. Inawashwa, inakwenda dakika chache, inazimwa, inapakua, inawashwa tena. Haipati moto sawasawa tangu asubuhi. Injini ya baridi nayo huongezewa petroli ili isizime, kama vile mtu aliyeamka anavyotaka chai kabla ya kusema lolote. Gari ya safari fupi fupi hutia masizi kuliko ya safari ndefu, hata zikiwa pacha. Kwa hiyo ukiona weusi, uliza kwanza inaishi maisha gani.

UKWELI UKO KWENYE KITAMBAA

Sasa somo la kununua. Dalali amekuletea kirikuu, imeoshwa inang'aa, matairi yamepakwa dawa, na nje ya ekzosi imepigwa rangi ya fedha. Mambo bomba! Wewe mwambie asiwashe. Bomba likiwa baridi (nasisitiza baridi, maana la moto litakutoa ngozi), chukua kitambaa cheupe au karatasi, ingiza ndani ya mdomo wa bomba, zungusha, toa, tazama.

Ukipata vumbi jepesi jeusi au la kijivu, tabaka jembamba tu, hilo si kosa. Wazee wengine watakwambia ekzosi nzuri lazima iwe ya kijivu kama majivu. Hawakosei, ila wanazungumzia enzi zao. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi iliacha ile rangi ya majivu ndani ya bomba. Baada ya azimio la Dakar la mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Ni jambo jema, risasi ile ilikuwa inaharibu akili za watoto. Lakini rangi ya bomba ilibadilika. Siku hizi hata injini nzima huacha weusi kidogo. Usimkatalie muuzaji kwa sababu ya vumbi tu.

Ukipata masizi makavu, manene, yanayopukutika kama ya chungu cha kuni, mchanganyiko ni mzito. Petroli nyingi, hewa kidogo. Tatizo linaweza kuwa dogo sana.

Ukipata weusi wenye unyevu, unanata, unateleza kama grisi, hapo shika noti zako vizuri. Hiyo ni oili. Ringi za pistoni zimechoka au sili za valvu zimekufa, na ukiiwasha huenda ukaona moshi wa bluu, hasa dereva akiachia mafuta kisha akakanyaga tena. Tiba yake ni kushusha injini. Usinunue, au nunua ukiwa umeshapunguza bei ya hiyo kazi.

Halafu iwashe. Moshi mweupe mzito usiokoma hata gari ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanaingia ndani ya injini. Hiyo muage muuzaji kwa adabu, mwambie unakwenda kumwuliza mjomba.

FUNDI, THEMOSTATI IKO WAPI?

Kutoka mjini fuata barabara ya Shinyanga: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi. Njia nzima hii ina gereji za chini ya miti. Mafundi wa huku ni hodari, usiwadharau, wanafufua magari yaliyoandikiwa kufa. Kila siku utasikia mazungumzo ya aina hii:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, ngosha. Inasumbua nini?"

"Inakula wese balaa, na nyuma imekuwa nyeusi."

"Filta ya hewa umefungua lini?"

"Ipi hiyo?"

Hapo fundi anacheka, na tiba imeshaanza. Filta ya hewa ndiyo ya kwanza. Mwanza ina mitaa ya vumbi mlimani, na filta iliyojaa vumbi ni sawa na kumziba mtu pua huku unamlisha ugali. Filta mpya ni hela ndogo kuliko mafuta unayomwaga wiki moja. Ukitoka hapo tazama plagi. Plagi nzuri ina rangi ya kahawia iliyofifia, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ikiwa nyeusi kavu, mchanganyiko mzito. Ikiwa na oili, ule ugonjwa mkubwa.

Kwenye gari ya kabureta, tazama choki kama imenasa. Choki kazi yake ni kupunguza hewa asubuhi gari ikiwa ya baridi, kisha ifunguke. Ikinasa, gari inakunywa kifungua kinywa mchana kutwa. Tazama pia boya ndani ya kabureta, maana likichoka petroli inafurika. Kwenye gari ya nozeli, tazama nozeli inayovuja na sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi. Sensa ikifa, kompyuta inakisia.

Halafu kuna hii ya kwetu sote Afrika Mashariki: themostati. Gari ikichemsha mara moja, wako mafundi wanaoing'oa na kuitupa, na wanakwambia kwa kujiamini kuwa "ni kwa ajili ya nchi za baridi." Si kweli. Themostati huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, digrii 80 na kitu hivi. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto, na ukiwa kwenye upepo wa ziwa asubuhi inaweza isifike kabisa. Kompyuta inaona maji ya baridi, inadhani ndiyo kwanza umeamka, inaendelea kumimina petroli. Mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha filta, weusi uko pale pale, anaanza kumshuku jirani. Kumbe ugonjwa uko kwenye kile kidude kilichotupwa jalalani mwaka juzi.

Usikubali kung'olewa kitu bila kuambiwa kilikuwa kinafanya kazi gani. Hilo linahusu pia yale masega, kile kichujio chenye vitundu kama sega la nyuki kilichoko njiani kwenye ekzosi. Kazi yake ni kuimalizia kazi injini, kuchoma sumu zilizobaki. Wengi huyatoa na kuyauza kwa sababu yana madini ya thamani, au kwa sababu yameziba. Lakini mara nyingi yanaziba au kuyeyuka kwa sababu ya ule mchanganyiko mzito mbele yake. Ukiyatoa bila kutibu injini, umemfukuza mfagiaji na uchafu umeuacha.

ENZI ZA KUCHAKACHUA

Kuna siku kosa linakuwa si la gari wala la fundi, ni la kilichomo tangini. Mnakumbuka neno "kuchakachua"? Lilivuma nchi nzima miaka ya 2010, na mizizi yake ilikuwa kwenye vituo vya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kwa sababu ya kodi ndogo, basi wajanja wakayachanganya kwenye dizeli na petroli wakauza kwa bei ya juu. Mwaka 2010 EWURA ikaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya ujanja ule ipungue.

Mafuta ya taa ni mazito kugeuka mvuke kuliko petroli. Ndani ya injini ya petroli hayaungui sawasawa, injini inagonga, nguvu inapotea, na nyuma yanaachwa masizi. Kwa hiyo kirikuu yako ikibadilika ghafla baada ya kujaza mahali fulani, jana ilikuwa safi leo inatoa moshi, usikimbilie gereji. Kumbuka ulijaza wapi, na kama umenunua kwenye chupa za maji kando ya njia, jibu unalo.

MOSHI USIOONEKANA

Mpaka hapa tumezungumza hela. Sasa tuzungumze roho.

Masizi ni ndugu wa kitu kibaya zaidi. Petroli ikikosa hewa haitoi weusi peke yake, inatoa pia hewa ya monoksidi ya kaboni. Hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mapafuni inaivamia damu na kung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, kisha mtu haamki. Weusi wa ekzosi ni kama king'ora, unakwambia kuwa na ile isiyoonekana inaweza kuwa nyingi.

Tazama makirikuu jioni. Nyuma wamekaa vijana wa kupakua mizigo, wameegemea bodi, moshi unapanda nyuma na upepo unaurudisha usoni mwao. Mvua ikinyesha wanajifunika turubai, na gari iko kwenye foleni inaunguruma. Mle ndani ya turubai si pazuri hata kidogo. Na kirikuu injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ekzosi ikipasuka au kikitoboka sakafu, moshi unaweza kupanda moja kwa moja kwa dereva. Anayelala garini usiku akisubiri mzigo, vioo vimefungwa kuzuia mbu, injini inawaka ili redio ipige, huyo anacheza kamari mbaya.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na moshi wa petroli kwenye kundi la vinavyoweza kuisababisha. Mama anayeuza matunda kando ya kituo hana kirikuu, hajakula faida ya dagaa, lakini moshi anaula kila siku. Kijana mwenye gari akibadilisha filta, anaokoa mfuko wake na kifua cha mama huyo kwa pamoja.

KIGONGO

Tumalizie safari. Ukipita Buhongwa ukafika Usagara, kata kulia kwenda Kigongo. Miaka na miaka hapa palikuwa na foleni ya kivuko. Malori, mabasi na makirikuu yalijipanga yakisubiri kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi, na foleni ya magari yanayonguruma bila kwenda popote ni kiwanda cha masizi: injini inapoa, moshi unajaa, mafuta yanaisha, na kilomita hata moja hujaenda.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji. Sasa unavuka kwa dakika chache. Ukitaka sehemu ya kutembea Mwanza ambayo haimo kwenye kalenda za zamani, njoo hapa jioni. Upepo safi, maji pande zote mbili, na barabara iliyonyooka mbele yako.

Na barabara iliyonyooka ni nzuri kwa kupima gari. Kirikuu yenye filta safi, themostati yake ipo, mzigo wa kadiri, ikienda mwendo wa kawaida kutoka Usagara mpaka Busisi inapata moto sawasawa na kuunguza vumbi lake la mjini. Ukifika ng'ambo, zima, subiri bomba lipoe, pitisha kitambaa. Kikitoka na vumbi jepesi, mshukuru fundi wako na umnunulie soda. Kikitoka na donge la masizi, basi usiseme tena kuwa "hizi gari ndivyo zilivyo." Anza na filta, ndiyo rahisi kuliko vyote.

Wiki ijayo tutakuwa kisiwa gani? Subirini. Kwa leo, safari njema, na mkiwa barabarani msikae nyuma ya kirikuu yenye mkia mweusi. Ipiteni, au muinong'oneze dereva.